Hongera, wapiga video wa Uvira

Vijana wanaopiga video fupi za simu hapa Uvira wanastahili pongezi. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 na kubomoa nyumba, picha za simu ndizo zilizowaonyesha ndugu walio mbali maji yalikopita. Leo kazi imekomaa. Hawahangaiki na watazamaji wa Kinshasa, wanamtafuta jirani.

Video haizidi dakika moja, maana mega za intaneti ni ghali na umeme hukatika. Hakuna salamu ndefu: sekunde ya kwanza tu, beseni la samaki wa ndagala linajaza kioo cha simu, mama muuzaji anataja bei kwa Kiswahili cha hapa, na kijana anataja mahali: Kalundu, Mulongwe, Kavimvira. Mtu akisikia mtaa wake, haipitishi. Anamtumia shemeji kwa WhatsApp, naye anaisukuma kwenye kundi la familia hadi Bujumbura.

Watazamaji hao si wengi, lakini wanajua mpiga video anakaa wapi. Akidanganya, kesho yake anaulizwa sokoni. Ndiyo maana wanamwamini. Hongereni, wandugu, endeleeni kutaja mitaa, na bei mseme ile ya kweli.