Wimbo Hubeba Maneno: Je, Hubeba na Maana?



Kila mwalimu wa watoto wadogo ajua kwamba neno lililoimbwa halisahauliki upesi. Herufi, hesabu, siku za juma, na sala pia, zote huingia vizuri kwa njia ya wimbo. Twaisifu kazi hiyo. Lakini yafaa tuipime, maana si kila wimbo unaofundisha.

Tutazame kwanza Missa Luba, iliyozaliwa Kamina katika Katanga ya zamani. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliitengeneza pamoja na waimbaji wake, wavulana wa shule na walimu wao. Mwaka 1958 walizuru Ulaya, na wimbo ukatiwa katika santuri. Maneno ni yale ya Misa kwa Kilatini, lakini sauti ni za kwetu. Hawakuimba kwa kusoma nota: mmoja aliongoza, wengine wakaitikia, kama ilivyo desturi ya wazee wetu.

Watu wengi walisifu ngoma zake. Sisi twasifu zaidi jambo lingine. Kyrie yao yafuata namna ya kasala, wimbo wa maombolezo wa Kasai. Mtoto aliyesikia maombolezo kwao, hata kama hajui neno Kyrie ni nini, atambua mara moja kwamba hapa mtu analia na kuomba huruma. Sauti yenyewe imemfafanulia neno. Hiyo ndiyo akili ya kazi ile.

Walakini ina mpaka wake. Sauti ya huzuni yaonyesha moyo wa sala, bali haiwezi kueleza mafundisho yote ya Credo. Mtoto aweza kuiimba Credo tangu mwanzo hata mwisho, asiweze kueleza neno moja. Hapo hapana budi mwalimu aseme.

Shida hiyo hiyo twaiona kwetu Kipushi. Watoto wengi husema Kiswahili nyumbani, kisha darasani hukutana na Kifaransa. Huimba moja mpaka kumi kwa Kifaransa, na wazazi hufurahi. Lakini umwulize mtoto ni nini kinachofuata sita: mara nyingi hurudi kwanza kwenye moja, aimbe mpaka afike. Umwambie alete mawe saba: aleta gao zima. Ameshika mfuatano wa sauti, hajashika hesabu.

Basi, walimu na wazazi, tufanye hivi. Wimbo wa kuhesabu uimbwe kwanza kwa lugha ya nyumbani, na kila namba iguswe: kidole, jiwe, punje ya mahindi. Kisha tuuanzishe katikati, tuone kama mtoto aweza kuendelea. Mwisho tuuache wimbo, tuulize maneno yake kwa kusema tu. Akijibu, ndipo Kifaransa kifuate kwa sauti ile ile. Sasa atajua anaimba nini.

Na katika sala tufanye vivyo hivyo. Mtoto akiimba vizuri tumsifu, halafu tumwulize kwa upole: "Mwanangu, umemwambia Mungu nini?" Jibu lake, hata likiwa fupi, litatuonyesha kama tumefundisha.