Kibao au Karatasi?

Nilipoanza shule, katika miaka ya hamsini, hatukupewa daftari. Tulipewa kibao cha jiwe jeusi na kalamu yake ya jiwe. Tuliandika a, e, i, o, u. Mwalimu akapita, akatazama, akasifu au akakemea, kisha tukafuta kwa kiganja na mate ili somo la hesabu lipate nafasi. Ilipofika saa sita mchana, kazi ya asubuhi nzima haikuwapo tena. Siku niliyopewa daftari la kwanza ndipo nilipoitambua tofauti ya kibao na karatasi, ijapokuwa sikuweza kuieleza: karatasi hutunza.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya chombo alichoniletea mjukuu wangu kutoka Dar es Salaam. Ni kibao chembamba, upana wake kama kiganja, na uzito wake haufikii wa kitabu cha kawaida. "Babu," aliniambia, "humu mna vitabu mia tatu. Ukitaka maandishi makubwa, gusa hapa." Msomaji asikichanganye na vishikwambi walivyogawiwa walimu wetu baada ya Sensa ya mwaka 2022. Hivyo vina kioo cha kuwaka kama simu. Hiki changu watengenezaji wanakiita karatasi ya kielektroniki. Nimekitumia msimu mzima wa mvua hapa Namswea, na sasa naona ninaweza kukihakiki kama mtu anavyohakiki kitabu. Swali langu ni moja: je, ni karatasi kweli, kama jina lake linavyodai, au ni kibao?

Nianze na sifa, maana zipo. Ndani ya uso wake mna vifuko vidogo sana, visivyoonekana kwa macho matupu, vyenye chembe nyeupe na nyeusi zinazoelea katika kimiminika. Chembe hizo zina chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipita namna moja nyeusi hupanda juu, ukipita namna nyingine hupanda nyeupe, na hivyo herufi hujichora. Ikishajichora, haihitaji umeme tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo sababu chaji moja hunitosha wiki mbili na zaidi, jambo kubwa kwa mtu anayetegemea sola, ambayo mwezi wa Februari hushinda chini ya mawingu. Tena husomeka kwa mwanga unaokiangukia, kama ukurasa wa kitabu. Niliposhuka nacho Mbamba Bay nilikaa ufukweni saa saba mchana, jua likiwaka juu ya Ziwa Nyasa. Simu yangu iligeuka kioo cha kujitazamia. Kibao kilisomeka vizuri kuliko kinavyosomeka sebuleni kwangu.

Ufundi huu si wa jana. Kampuni ya E Ink ilianzishwa Marekani mwaka 1997 na watu waliotoka chuo cha MIT. Mwaka 2004 Sony iliuza kifaa cha namna hii huko Japani, na Novemba 2007 Amazon ikatoa Kindle kwa bei ya dola 399. Lakini kwangu mimi sifa kuu ni ile ya ukubwa wa herufi. Macho yangu yalikuwa yamechoka kiasi kwamba kitabu nilikishika kwa heshima tu. Kurasa mbili, kisha nakifunika. Sasa naweza kusoma jioni nzima. Mtu aliyekaa na vitabu maisha yake yote, akafika miaka ya sabini na kuanza kunyang'anywa, akarudishiwa, hawezi kukibeza chombo kilichomrudishia. Haya niyaseme wazi kabla ya kulaumu.

Kasoro ya kwanza ni ya nyaraka. Hadithi ya kawaida hujipanga upya kila unapokuza herufi, lakini waraka uliopangwa kwa karatasi kubwa, kama vile mtaala, ripoti au kitabu cha kiada chenye michoro na majedwali, huingia humo mzima mzima na kusinyaa. Ukikuza, unaona pembe moja tu ya ukurasa. Mwalimu atakayetaka kuandalia somo kwa kibao kama changu atachoka mapema. Wapo waliojaribu kutibu ugonjwa huo. Januari 2010 kampuni ya Plastic Logic ilionyesha kibao chembamba chenye ukubwa wa karatasi ya barua, kwa ajili ya watu wa ofisi. Ilipofika Agosti mwaka huo huo mpango ulifutwa kabla hakijaingia sokoni. Sony ilifanikiwa mwaka 2013: kibao karibu na ukubwa wa A4, uzito usiofika gramu 360, unaweza kuandika juu yake kwa kalamu. Bei ilikuwa kama dola 1,100. Siku hizi vya namna hiyo vipo vya bei ya chini, lakini bado si mali ya mshahara wa mwalimu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo inayonirudisha kwenye kibao cha jiwe. Katika rafu yangu mna Shamba la Wanyama, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha George Orwell iliyofanywa na Fortunatus Kawegere na kutolewa mwaka 1967. Nakala yangu nimeifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, kama tulivyozoea kufunika vitabu vya shule. Sasa sikiliza yaliyotokea Julai 2009. Kitabu hicho hicho katika Kiingereza, pamoja na kingine cha Orwell kiitwacho 1984, kilikuwa kikiuzwa kwa wenye Kindle. Ikagundulika kwamba aliyekiweka dukani hakuwa na haki ya kukiuza. Amazon ilivifuta vitabu hivyo kutoka mbali, ndani ya vibao vya watu waliokwisha kulipa, ikawarudishia fedha zao. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alikwenda mahakamani, kwa sababu maelezo aliyokuwa akiyaandika kwa ajili ya masomo yalibaki bila kitabu cha kuyashikilia. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Lakini radhi haikubadili jambo tulilojifunza: kiganja na mate vipo, na safari hii si vyako wewe.

Ukisoma masharti ya duka hilo utakuta kwamba anayelipa hanunui kitabu, bali hupewa ruhusa ya kukisoma. Na Februari 2025 kampuni iliondoa njia iliyomwezesha msomaji kupakua nakala kwenye kompyuta na kuihamisha kwa waya. Wasomaji wengi hawatafutiwa chochote maisha yao yote. Hata hivyo, mtu anayelala nyumbani kwa mwingine kwa ruhusa hawezi kujenga ghala humo.

Kasoro ya tatu niliionea barazani kwangu. Alikuja kijana mmoja, mwalimu wa hapa jirani. "Shikamoo, Mwalimu. Nasikia unasoma kitabu kizuri. Ukimaliza naomba uniazime." Nikamwitikia, nikakitazama kibao, nikakosa la kumwambia. Kumwazima kitabu kile kimoja kungekuwa kumwazima vyote mia tatu, na macho yangu juu yake. Kwa miaka yote ya ualimu sijawahi kumnyima mtu kitabu kwa sababu ya namna hiyo. Nilinyima kwa sababu azimaye harudishi, au kwa sababu mikono yake ina mafuta ya taa; lakini si kwa sababu kitabu kimeshonwa pamoja na vingine.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba karatasi nayo huliwa na mchwa, hupata kuvu wakati wa masika, na kwamba shule nyingi hazina vitabu vya kuazimana. Ni kweli, panya wamenifundisha. Na wapo waliovitumia vibao hivi kwa nia njema. Shirika la Worldreader lilianza mwaka 2010 nchini Ghana, baadaye likafika Kenya, Uganda na kwingineko, likiwapa watoto vibao vilivyojaa hadithi, zikiwemo za Kiafrika. Watoto walisoma zaidi. Vioo pia vilivunjika kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, na shirika likageukia zaidi simu. Mfano unaonivutia kuliko huo ni African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014: hadithi za watoto katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, zinazotolewa kwa leseni inayoruhusu kunakili, kuchapa na kugawa. Hadithi ya namna hiyo ikiingia katika kibao inabaki kuwa karatasi. Unaweza kumpa jirani nakala, nawe ukabaki na yako.

Kwa hiyo hukumu yangu siitoi juu ya chombo, bali juu ya mkataba unaokuja nacho. Mzee mwenye macho mabovu na akinunue, asione haya. Shule isinunue hata kimoja kabla haijauliza mambo matatu: kitabu kikishalipiwa, nani anaweza kukifuta? Mwanafunzi wa mwaka ujao atakisoma bila kulipiwa tena? Na kibao kikivunjika, kitabu kinabaki wapi? Wachapaji wetu wa Kiswahili nao wajiulize, maana wao wanaweza kuuza kwa masharti mema kuliko ya wageni.

Yule kijana sikumwacha aondoke mikono mitupu. Nilimpa Shamba la Wanyama. Ndani ya jalada mna orodha ya walioazima, majina kumi na saba, mengine ya watu waliokwisha tangulia mbele ya haki. Nilimpa kalamu akaandika la kumi na nane.