Pindo la Kanga ya Bibi

Samuel Fosso hakupigwa picha alipokuwa mchanga. Alizaliwa Kameruni mwaka 1962, sehemu ya mwili imepooza, na nyumbani hawakuona haja ya kumgharamia picha. Aliyemtibu ni babu yake, mganga wa Kiigbo huko Nigeria. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, Fosso akafungua studio Bangui. Wateja wakishaondoka, filamu iliyobaki aliimalizia kwa kujipiga mwenyewe, na picha nyingine alimtumia bibi yake ajue kwamba mjukuu yu mzima. Mwaka 2003 alivaa mavazi ya uganga akajipiga picha katika nafasi ya babu yule.

Humkumbuka Fosso kila nipitapo Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Vifaa vya kujivika ubabu au ubibi vimejaa hapa: doti za kanga hadi darini, kanzu, kofia za mkono, na soko la mitumba la Karume si mbali kwa anayetafuta koti la enzi za babu. Kilichoadimika ni ukuta wa kupigia picha. Nyumba za Kiswahili, baraza mbele na uani nyuma, nyingi zimebomolewa, ghorofa zimepanda. Kwetu imebaki picha moja ya studio: bibi amesimama kando ya kiti, nyuma yake pazia la kuchorwa.

Nikaamua kusimama kama yeye. Selfi haifai, maana mkono ulioshika simu ndio unaoamua kila kitu (na pua ndiyo inayoponzeka). Simu ikae kwenye stendi. Mwanga mzuri uko mlangoni, hatua moja ndani ya kivuli. Na kwa kuwa mtu hawezi kuwa mbele na nyuma ya lenzi kwa wakati mmoja, simamisha fagio la kimo chako, ulenge fokasi hapo, uweke taima ya sekunde 10, kisha ukachukue nafasi ya fagio.

Kazi ilikuwa kwenye kanga. Ile ya kujitanda huteleza kichwani, haikai mpaka ushike pindo kwa mkono wa kushoto, karibu na kidevu. Kumbe mkono ule wa bibi, ambao sote tuliudhania ni wa haya, ulikuwa unazuia nguo isianguke.

Shangazi alipoiona picha yangu hakusema nimefanana na mtu. Aliisogeza karibu na macho, akasema, “Mwanangu, mama alikuwa akishika juu kidogo ya hapo.”