Renton: Bingwa wa Dunia Aliyefukuzwa Ligini

Kila ninapoisoma historia ya klabu ya Renton, naikuta imevalishwa moja ya nguo mbili. Ya kwanza ni ya kichekesho: ati kijiji cha Uskoti kiliwahi kujitangaza bingwa wa dunia katika soka. Ya pili ni ya matanga: klabu ndogo ikamezwa na vigogo, dunia ndivyo ilivyo, tufute machozi twende zetu. Masimulizi yote mawili yanasomeka vizuri. Tatizo langu ni kwamba yote mawili yanatuficha waliofanya maamuzi.

Tuanze na kichekesho. Renton iko kando ya mto Leven, kati ya Dumbarton na Alexandria, si mbali na Glasgow. Katika karne ya 19, watu wa bonde hilo waliishi kwa kazi ya viwanda vya kupausha vitambaa na kuvitia rangi, hasa ile nyekundu iliyoitwa Turkey red. Klabu iliundwa mwaka 1872. Na bonde lile halikuwa la kubahatisha: Vale of Leven ya Alexandria ilitwaa Kombe la Uskoti mara tatu mfululizo, kuanzia 1877 hadi 1879, Dumbarton ikalichukua 1883, Renton 1885, kisha tena 1888 kwa kuitandika Cambuslang 6-1.

Mei 19 mwaka huo wa 1888, Renton ilikutana Hampden na West Bromwich Albion, mabingwa wa Kombe la Uingereza. Mechi ilichezwa katika mvua ya radi. Renton 4, West Brom 1. Wakarudi nyumbani, wakatundika bango katika uwanja wao wa Tontine Park: Bingwa wa Dunia.

Cheka ukitaka. Lakini hebu jiulize, mwaka 1888 ni wapi kwingine soka ilikuwa ikichezwa kwa kiwango hicho? Kama kuna anayetaka kuniambia kwamba Preston North End ndiyo iliyokuwa moto wa kuotea mbali England, basi akumbuke kwamba West Brom ndio walioifunga Preston kwenye fainali. Hakukuwa na shirikisho la dunia la kutoa taji wala la kulikataa. Klabu ya jiji kubwa ingelitundika bango lile, nadhani tungeliita historia. Kinachowachekesha watu ni anwani.

Nguo ya pili ndiyo inayonikera zaidi. Masimulizi ya matanga yanapenda sana vitenzi visivyo na mtu: klabu “ilififia”, wachezaji “waliondoka”, nyakati “zilibadilika”. Nikikutana na kitenzi cha namna hiyo huwa nauliza: jamani, nani alifanya nini, na lini?

Chukua James Kelly. Alikuwa nguzo ya kikosi cha Renton cha 1888. Mei 28, siku tisa tu baada ya ushindi dhidi ya West Brom, alicheza katika mechi ya kwanza kabisa ya klabu mpya ya Glasgow iitwayo Celtic, iliyoifunga Rangers 5-2. Kelly akawa nahodha wa kwanza wa Celtic, na baadaye mwenyekiti wake. Sisi Wakenya tunaijua Celtic kwa sababu ya Victor Wanyama na kichwa chake dhidi ya Barcelona mwaka 2012. Ni vyema tujue pia kwamba ukoo wa manahodha wa klabu hiyo unaanzia kwa mtu aliyetoka Renton.

Wakati huo sheria ya Uskoti ilikataza mchezaji kulipwa. England ilikuwa imeruhusu tangu 1885. Uskoti ilishikilia soka ya ridhaa huku pesa zikipita chini ya meza, na kila mtu akijifanya hazioni.

Mwaka 1890, katibu wa Renton ndiye aliyeziandikia klabu nyingine barua akiziita zikutane kujadili kuanzisha ligi. Soma tena sentensi hiyo. Ligi ambayo tunaambiwa iliimeza Renton, mwaliko wake uliandikwa Renton. Ligi ikaanza msimu wa 1890-91. Baada ya mechi tano, Renton ikafurushwa. Kosa lake? Ilicheza na timu iliyojiita Edinburgh Saints, ambayo kumbe ilikuwa St Bernard's, klabu iliyofungiwa kwa kulipa mchezaji. Shirikisho likaifungia na Renton.

Sitaki kuwafanya watu wa Renton malaika. Ni vigumu kuamini kwamba hawakujua walikuwa wakicheza na nani. Lakini walikwenda mahakamani, wakashinda, wakarudishwa ligini msimu uliofuata. Hapo tayari msimu mzima ulikuwa umepotea. Halafu mwaka 1893 shirikisho hilohilo likahalalisha malipo. Kosa lililomfukuzisha mtu 1890 likawa kanuni miaka mitatu baadaye.

Kuanzia hapo hesabu ni rahisi na ni chungu. Mishahara hutoka kwenye viingilio. Glasgow ilikuwa na umati. Renton ilikuwa na kijiji, tena kijiji chenye majirani wawili wanaogombania mashabiki wale wale. Mwaka 1894 ilishuka daraja. Mwaka 1895 ilifika tena fainali ya Kombe, ikafungwa 2-1. Na nani? Na St Bernard's. Mwandishi wa riwaya akiweka jambo kama hilo, mhariri atamwambia amezidisha chumvi. Msimu wa 1897-98 Renton ilijiondoa ligini baada ya mechi chache tu, na mwaka 1922 klabu ikavunjwa.

Kwa hiyo nikisoma tena kwamba Renton “ilififia”, nakataa neno hilo. Kulikuwa na waliotunga sheria ya ridhaa, waliojua inavunjwa, waliochagua nani akamatwe, na walioifuta baada ya aliyekamatwa kulipa gharama. Hayo ni maamuzi yaliyofanywa na watu vikaoni, tena kwa kura. Masimulizi ya kichekesho yanatupa bango, ya matanga yanatupa kaburi, na hayo yaliyotokea katikati yanapewa aya moja, kana kwamba ni hali ya hewa.

Mwandishi atakayeiandika upya historia ya klabu hii aanze na ile barua ya 1890. Bango la Bingwa wa Dunia linaweza kusubiri hadi sura ya pili.