Maneno Mawili Mbele ya Mtandao wa Maana

Tim Berners-Lee na wenzake walipoueleza mtandao wa maana mwaka 2001, waliwaza habari zilizopangwa kwa sehemu tatu: kitu, uhusiano, na kitu kingine. Lugha ya kuziuliza habari hizo, SPARQL, iliidhinishwa mwaka 2008. Ni lugha ya mafundi. Mwanafunzi wa fasihi hakuandikiwa.

Kwa ajili yake wataalamu wakabuni utafutaji wa maneno makuu. Msomaji anaandika maneno mawili. Programu inatafuta vitu vyenye majina hayo, kisha njia fupi inayoviunganisha, na kutokana na njia hiyo inatunga swali kamili. Hatukatai faida yake. Tunachokosoa ni ule ufupi wa njia kufanywa hakimu wa maana.

Tuchukue «mwandishi Lubumbashi». Aliyezaliwa mjini humo yuko hatua moja tu kutoka mji. Aliyefundisha humo vilevile. V.Y. Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, akafundisha chuo kikuu Lubumbashi miaka ya 1970. Jina lake likitokea bila maelezo, mwanafunzi ataandika kwamba ni mzaliwa wa Lubumbashi, na kosa hilo litaingia katika tasnifu. (Anayetumia jina la Élisabethville, lililoachwa mwaka 1966, ana taabu yake nyingine.)

Basi na aeleze zaidi: «waandishi waliozaliwa Lubumbashi». Mswahili amekwisha kusema yote, kwani uhusiano umo ndani ya kitenzi. Lakini katika Wikidata uhusiano huo ni P19, mahali pa kuzaliwa. Programu inayolinganisha herufi tu haioni undugu kati ya «waliozaliwa» na «kuzaliwa», wala kati ya «waandishi» na «mwandishi». Kukata miisho ya maneno, mbinu iliyozoeleka kwa Kiingereza na Kifaransa, hakutoshi hapa, maana ngeli na nyakati zetu hukaa mwanzoni. Neno lililobeba swali ndilo linalotupwa.

Tunaonelea kwamba programu ingepaswa kwanza kumsomea mtu swali ililolidhania, ndipo itoe majibu. Jambo hilo si ndoto: SPARQL2NL ya mwaka 2013 hugeuza swali la mafundi kuwa sentensi za Kiingereza. Kwa Kiswahili, sentensi hiyo itadai upatanisho wa ngeli, na sarufi hiyo inafundishwa katika idara zetu, si katika maabara za kompyuta.