Kutoka Kanda hadi Bando: Malipo ya Muziki na Usomaji wa Wimbo wa Bongo Fleva

Ni kawaida kuuelezea ujio wa intaneti kuwa ukombozi wa msanii wa Bongo Fleva kutoka mikononi mwa wasambazaji wa Kariakoo, ambao wasanii waliwaita "wadosi". Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaishia kwenye mapato. Makala haya yanadai kwamba mabadiliko ya namna ya kulipia yamebadili pia matini anayoisoma mhakiki.

Katika mfumo wa kanda, msambazaji alipata albamu kwa makubaliano ambayo mara nyingi yalimnufaisha yeye zaidi, kisha akaizalisha na kuiuza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoweka msingi wa COSOTA, haikukomesha nakala haramu. Hata hivyo, msikilizaji alilipia kitu kizima: jalada, jina la albamu, upande A na upande B. Mfano ni "Ndio Mzee" ya Professor Jay. Katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu (2001), kejeli ya mwanasiasa anayeahidi yasiyowezekana ilisikika chini ya jina linalotaja gharama wanayobeba wanaoahidiwa. Jina hilo ni sehemu ya maana ya wimbo. Wimbo huohuo ukisikilizwa YouTube, baina ya tangazo na wimbo wa mapenzi, kichekesho hutangulia na machozi husahaulika.

Majukwaa ya nyumbani kama Mkito na Wasafi.com, lililoanzishwa mwaka 2017, yalijaribu kuuza wimbo mmojammoja. Baadaye Boomplay na Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, zilizoesha usikilizaji usio na umiliki. Msikilizaji asiyelipia huduma hizo bado ananunua bando. Malipo hayakutoweka, bali yamehamia kwa kampuni ya simu, na wimbo wenyewe ukaonekana kuwa wa bure. Fungu la msanii sasa hutegemea idadi ya usikilizaji, na idadi hiyo imeanza kutumiwa kama hoja ya ubora.

Inaweza kupingwa kwamba redio nayo ilitenga wimbo na albamu yake. Ni kweli, lakini aliyevutiwa na wimbo redioni alikwenda dukani akakutana na albamu nzima. Intaneti, kwa upande wake, imeurudishia umma nyimbo ambazo kanda zake hazipatikani tena madukani. Faida hiyo haipaswi kubezwa, ingawa nyimbo nyingi hurudi bila mwaka, bila jina la mtunzi na bila majirani zake wa kwenye kanda.

Kwa hiyo, mtafiti anayekusanya data mtandaoni anapaswa kwanza kuurejesha wimbo kwenye albamu yake, ndipo aufasiri. Idadi ya watazamaji huonyesha wimbo ulivyoenea. Haionyeshi unasema nini. Kanda zilizosalia za Kariakoo zistahili kuhifadhiwa kama zinavyohifadhiwa miswada ya tenzi, kabla hazijaharibika.