Mgao wa mashua ya omena na mlinganyo uliomo ndani yake

Katika shule za sekondari zilizo karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, wapo wanafunzi wanaoweza kukwambia bila kalamu kila mvuvi atapata kiasi gani baada ya usiku mmoja wa kuvua omena, dagaa wa Ziwa Victoria. Wape hesabu hiyo hiyo ikiwa na herufi na mabano, wengine wataacha karatasi tupu. Masomo ya ziada mara nyingi huwarudishia mabano yale yale, polepole zaidi tu.

Pengo hili lilipimwa Recife, Brazil. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwapima watoto watano waliokuwa wachuuzi. Kwenye biashara yao walipata takriban asilimia 98 ya majibu. Maswali ya maneno kwenye karatasi, asilimia 74. Tarakimu tupu, 37. Kuweka samaki ndani ya swali kunasaidia, ila hakutoshi. Mwanafunzi lazima awe na jambo la kuamua, kisha avushwe hadi kwenye karatasi.

Kenya ina msingi wa kazi hii. Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka 1998 na serikali pamoja na shirika la Japani la JICA, uliwafunza walimu kujenga somo juu ya shughuli, mwanafunzi, majaribio na vifaa vya kubuni, kisha kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Tuone somo la mgao wa mashua likijengwa hivyo.

Wanafunzi sita wanashika nafasi: mwenye mashua, wavuvi wanne na mchuuzi anayenunua samaki. Kanuni ya darasa ni hii: kwanza zinatolewa shilingi 3,000 za petroli na taa, theluthi ya salio ni ya mwenye mashua, kinachobaki wavuvi wanagawana sawa. Ufukweni kila kikundi kina mapatano yake, kwa hiyo darasa linaweza kubadilisha kanuni baadaye.

Usiku wa kwanza mauzo ni 12,000, na kila mvuvi anapata 1,500. Usiku wa pili, mbalamwezi ikiwa imepunguza samaki, mauzo ni 7,500. Mauzo yameshuka kwa asilimia 37.5, lakini mvuvi amebaki na 750, nusu kamili. Mwalimu asieleze upesi. Waache wabishane mpaka wagundue kwamba petroli haikupungua pamoja na samaki.

Kisha linakuja swali lenye uzito: mauzo yafike ngapi ili kila mvuvi apate 1,000? Atakayehesabu kwa njia ya ufukweni atasema: wanne ni 4,000, hiyo ni theluthi mbili, basi salio ni 6,000, ongeza petroli, 9,000. Hapa mwalimu aandike maneno hayo ubaoni jinsi yalivyosemwa, na kando yake mlinganyo: (y − 3,000) ÷ 6 = 1,000, ambapo y ni mauzo. Kuzidisha kwa 6, kisha kuongeza 3,000, ndiyo safari ile ile kwa hatua mbili. Sita imetoka wapi? Theluthi mbili iliyogawanywa kwa wanne ni sehemu moja ya sita. Mwanafunzi akiweza kulieleza hilo mwenyewe, amevuka.

Grafu ya mgao wa kila mvuvi dhidi ya mauzo inafuata: mstari unaokata mhimili wa mauzo kwenye 3,000. Mauzo yakiwa 1,800, kanuni inatoa hasi 200 kwa kila mvuvi. Namba hasi sasa ni deni, na darasa linapaswa kuamua nani alibebe. Mlinganyo hauwezi kuamua hilo. Wanafunzi wanajifunza pia mahali hesabu inapokomea na mapatano ya watu yanapoanza.

Kipimo cha somo kiwe swali lisilo na mashua wala samaki, siku chache baadaye. Mwanafunzi akishindwa kulijibu, igizo limemfurahisha tu, na mwalimu arudi kwenye hatua ya ubaoni, kwa kuwa daraja limejengwa pale.

Jambo hili lina haraka. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wamegawanyika kati ya Hisabati ya msingi (Core Mathematics), kwa walio katika mkondo wa sayansi, na Hisabati muhimu (Essential Mathematics), kwa wengine. Kuna hatari kundi la pili likapewa bei na chenji pekee. Mgao wa mashua unaonyesha kwamba maisha ya ziwani yana aljebra kamili, na mtoto aliyebaki nyuma anastahili kufundishwa yote.